Mkude Ndiye, Chama Bado: Nani Hasa ni Lejendi wa Klabu?

Kila ligi inapomalizika klabu zetu huanza kutoa yale mabango ya mtandaoni ya "Thank You". Picha ya mchezaji, rangi za klabu, maneno mawili ya shukrani, kazi imekwisha. Chini yake mashabiki humiminika kuandika maoni, na neno linalojirudia kuliko yote ni "lejendi". Aliyecheza misimu kumi ni lejendi. Aliyecheza msimu mmoja na nusu akafunga bao moja dhidi ya watani wa jadi, naye ni lejendi. Nimeshaona hata kipa wa akiba, ambaye sidhani kama glavu zake ziliwahi kulowa jasho la mechi, akiagwa kwa cheo hicho hicho.

Katika somo la Mantiki tunafundishwa kwamba kadiri dhana inavyokumbatia vitu vingi, ndivyo inavyobaki na maana kidogo. Neno "kitu" linagusa kila kilichopo, na ndiyo maana ukiambiwa "nimekuletea kitu" bado hujaambiwa lolote. Hilo ndilo linaloipata "lejendi" mikononi mwetu. Tumeligawa kama peremende, na sasa tukitaka kumheshimu mtu anayestahili kweli hatuna neno la kumpa.

Tunayo maneno mengine, na kila moja lina kazi yake. Gwiji na nguli ni watu wa ujuzi. Mkongwe ni mtu wa miaka. Lejendi ni jambo jingine. Neno lenyewe limetoka katika Kilatini, legenda, yaani mambo yanayopaswa kusomwa, na hapo kale lilitumika kwa masimulizi ya maisha ya watakatifu yaliyosomwa mbele ya jumuiya siku za sikukuu zao. Kwa asili yake, basi, lejendi ni mtu ambaye habari zake lazima wasimuliwe wale ambao hawakuwepo. Na habari isiyo na shida ndani yake haisimuliki. Ukimwambia mtoto, "palikuwa na mchezaji, akaja, akafunga, akalipwa, akaondoka," mtoto atakuuliza: halafu?

Nitangaze mapema kwamba mimi ni wa Msimbazi, asije mtu akasema nimejificha nyuma ya falsafa. Na kwa kuwa ni wa Msimbazi, mfano unaonisumbua ni wa nyumbani. Miongoni mwa wachezaji wa Simba waliovuka kwenda Yanga katika miaka ya karibuni wamo wawili hawa: Jonas Mkude mwaka 2023, na Clatous Chama mwaka 2024. Hapa bwaloni kwetu mafrateri walio wengi, wa upande wangu, wana kauli moja kwa wote wawili: wamefutwa. Wachache wana kauli nyingine, kwamba wote ni malejendi, kwani vikombe walivyoleta havifutiki. Mimi nasema makundi yote mawili yamekosea kwa namna moja, kwa kuwa yote yanatazama mahali mchezaji alipoenda. Mimi natazama alichopitia akiwa bado ndani ya jezi.

Kwanza tuondoe vipimo vya haraka. Vikombe havitoshi. Matt Le Tissier alicheza Southampton kuanzia mwaka 1986 hadi 2002, akafunga mabao 209, na hakuchukua nao taji lolote kubwa. Nenda Southampton ukawaambie kwamba huyo si lejendi kwa sababu kabati lake halina kombe, uone kama utapewa hata maji. Miaka nayo haitoshi. Nguzo ya goli imekaa uwanjani kuliko mchezaji yeyote, na hakuna anayeimba jina lake. Wapo wanaokaa miaka kumi na miwili mahali pamoja kwa sababu simu yao haikulia kamwe. Huo si uaminifu, ni kukosa nauli.

Kipaji je? Kipaji kinatufurahisha, nami sina neno baya juu ya furaha. Fiston Mayele alikaa Yanga misimu miwili tu, 2021 hadi 2023, na nchi nzima ikajifunza kutetema, hata sisi ambao hatukupaswa. Alifunga katika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Halafu akaenda Pyramids ya Misri, na hakuna aliyemwona msaliti. Alikuwa sherehe, na sherehe huwa na mwisho wake.

Kinabaki kipimo ambacho wengi hukiona cha mwisho: kelele za mashabiki. Lejendi ni yule tunayemwita lejendi, basi. Hapa Aristotle alishatoa onyo katika kitabu chake cha maadili, kile cha Nikomako. Anasema heshima haiwezi kuwa lengo la maisha, kwa kuwa iko zaidi kwa anayeitoa kuliko kwa anayeipewa. Aliyekupa leo anaweza kukunyang'anya kesho, nawe hujabadilika hata unywele. Anayebisha amtazame Paolo Maldini. Huyu alicheza AC Milan mechi 902, katika klabu ambayo baba yake, Cesare, aliiongoza kama nahodha kutwaa Kombe la Ulaya mwaka 1963. Yeye mwenyewe alilichukua mara tano. Tarehe 24 Mei 2009 akacheza mechi yake ya mwisho San Siro, dhidi ya Roma. Wakati anazunguka uwanja kuaga, sehemu ya mashabiki wa nyuma ya goli, wale ambao alishawahi kupishana nao kwa maneno, wakamzomea. Je, kwa dakika zile Maldini aliacha kuwa lejendi wa Milan? Haiwezekani. Basi kuna kitu ndani ya mtu na ndani ya historia yake ambacho kelele zetu zinaweza kukitambua au kukikosa, lakini haziwezi kukiumba.

Kitu hicho ni nini? Katika kitabu cha nane cha maadili yale yale, Aristotle anagawa urafiki katika aina tatu. Upo urafiki wa faida: nakupenda kwa sababu unanisaidia. Upo urafiki wa raha: nakupenda kwa sababu nikiwa nawe nafurahi. Na upo urafiki wa wema, ambapo nakupenda kwa jinsi ulivyo na kukutakia mema kwa ajili yako mwenyewe. Aina mbili za kwanza si dhambi. Ni urafiki, ila unakwisha pale faida au raha inapokwisha. Aina ya tatu ni adimu na huchukua muda, na hapo anataja methali ya watu wa kale kwamba marafiki hawajuani mpaka wawe wamekula pamoja chumvi ya kutosha. Mswahili anaposoma hapo lazima atabasamu, kwa maana kwetu pia mzee ni yule aliyekula chumvi nyingi.

Dai langu ni hili. Uhusiano wa mchezaji na klabu kwa kawaida ni wa faida, ukipata bahati ni wa faida na raha. Lejendi ni yule ambaye uhusiano wake ulifikia aina ya tatu, na hakuna namna ya kulijua hilo mpaka siku mbaya ije. Klabu ikiwa bingwa, ikilipa mishahara tarehe ishirini na tano, ikijaza uwanja, kila mchezaji anafanana na lejendi. Chumvi inaliwa siku ambayo klabu haina cha kukupa, mlango uko wazi, na nje ya mlango kuna meza iliyoandaliwa. Wahenga walishasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na sijaona kamusi ya soka iliyowashinda.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Turin, Italia, mwaka 2006. Tarehe 9 Julai Italia walichukua Kombe la Dunia mjini Berlin. Alessandro Del Piero alikuwemo. Siku tano kabla alifunga bao la pili dhidi ya Ujerumani katika sekunde za mwisho za muda wa nyongeza, na katika fainali alifunga penalti yake. Alikuwa na miaka 31, bingwa wa dunia, mwenye jina kila mahali. Siku chache baada ya fainali, mahakama ya soka ya Italia ikatoa hukumu ya kashfa ya viongozi kuwashawishi waamuzi: Juventus wakanyang'anywa mataji mawili na kushushwa hadi Serie B, wakikatwa na pointi juu yake.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Fabio Cannavaro na Emerson wakaenda Real Madrid pamoja na kocha wao, Fabio Capello. Zlatan Ibrahimović na Patrick Vieira wakaenda Inter. Lilian Thuram na Gianluca Zambrotta wakaenda Barcelona. Siwalaumu, walikuwa wameajiriwa kucheza katika kiwango cha juu kabisa na kiwango hicho hakikuwepo tena pale. Lakini Del Piero akabaki. Gianluigi Buffon, kipa bora duniani wakati ule, akabaki. Pavel Nedvěd, mshindi wa Ballon d'Or wa 2003, ambaye alikuwa anaelekea miaka 34 na hakuwa na misimu mingi ya kupoteza, akabaki. David Trezeguet na Mauro Camoranesi wakabaki.

Septemba 9, 2006, miezi miwili kamili baada ya Berlin, mabingwa wa dunia hao walicheza mechi yao ya kwanza ya Serie B huko Rimini. Wakatoka sare ya bao moja kwa moja. Mimi napenda kuifikiria ile sare kuliko ushindi wowote wa Juventus. Uwanja mdogo wa mji wa pwani, wapinzani ambao hawakuwahi kuota kucheza na watu wale, na Del Piero na wenzake hawajashinda hata hiyo mechi. Hakuna utukufu wowote mle ndani. Mwisho wa msimu walimaliza wa kwanza, Del Piero akawa mfungaji bora wa Serie B, na msimu uliofuata akawa mfungaji bora wa Serie A kwa mabao 21. Lakini yale ya baadaye ni nyongeza. Lejendi alikwisha kuzaliwa Rimini.

Tena kulikuwa na deni la nyuma. Novemba 1998, huko Udine, Del Piero aliumia goti vibaya na msimu wake ukaishia hapo. Aliporudi hakuwa yule wa zamani kwa muda mrefu, mabao yakawa hayaji. Klabu haikumtupa. Alibaki na jezi namba 10, wakamsubiri. Ukijua habari ya 1998, ile ya 2006 haionekani tena kama muujiza wa mtu mmoja mwema. Watu walikuwa wameshakula chumvi pamoja, na zamu ya pili ilipokuja kila mmoja alijua ladha yake.

Hapa frateri mmoja mwenzangu, ambaye anapenda kubishana kuliko kula, alinitupia swali zuri. Juventus ile ilikuwa imetiwa hatiani. Kubaki na klabu yenye hatia, je, ni fadhila? Majambazi nao hawaachani. Uaminifu kwa genge ni uaminifu pia, lakini hakuna anayeusifu.

Swali hili lilinikalisha. Jibu langu ni kwamba lazima tuulize: mwaminifu kwa nani? Klabu ni nani? Je, ni ofisi? Ni mwekezaji? Ni nembo? Viongozi waliohusika Turin waliondoka. Waliobaki na adhabu ni watu wa majukwaani, ambao hawakumpigia mwamuzi yeyote simu. Del Piero naye hakuwa mshtakiwa, ila alikwenda kuitumikia adhabu pamoja nao. Hilo ni tofauti kabisa na kumkingia kifua mkosaji.

Na yupo mchezaji aliyelionyesha hilo kwa uwazi zaidi, naye ni wa bara letu: Mohamed Aboutrika wa Al Ahly. Wapenzi wa soka wa rika la kaka zangu wanakumbuka Novemba 2006 kule Radès, Tunisia, alipofunga katika dakika za nyongeza dhidi ya CS Sfaxien na kuipa Al Ahly ubingwa wa Afrika uliokuwa unaponyoka. Kwa wengi hilo ndilo bao lililomfanya lejendi. Mimi nadhani ni jambo lililotokea miaka sita baadaye.

Tarehe 1 Februari 2012, huko Port Said, mashabiki wa wenyeji Al Masry walivamia uwanja baada ya mechi na watu zaidi ya 70 wakapoteza maisha, wengi wao vijana waliokuwa wamesafiri kuishangilia Al Ahly. Majeruhi walikimbiziwa hadi chumba cha kubadilishia nguo cha wachezaji. Aboutrika alikuwa mle. Imesimuliwa mara nyingi kwamba kijana mmoja alikatia roho mikononi mwake. Septemba mwaka huo ikapangwa mechi ya Kombe la Super la Misri. Wenzao wa marehemu wakasema mpira usichezwe kabla ya haki kupatikana. Viongozi wa klabu wakaamua timu icheze. Aboutrika akakataa kuingia uwanjani. Klabu yake mwenyewe ikamtoza faini na kumsimamisha.

Basi angalia hapo: mchezaji ameivunjia amri klabu, na kwa kufanya hivyo amekuwa wa klabu kuliko wakati wowote mwingine. Ofisi ilikuwa upande mmoja na wafu wa majukwaani upande mwingine, naye akachagua. Aliadhibiwa, akatumikia adhabu, akarudi. Novemba 2013 akafunga katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Orlando Pirates, halafu akastaafu. Ningeulizwa na mwanafunzi wa sekondari anitajie lejendi mmoja tu wa klabu Afrika nzima, ningemtaja huyo bila kupepesa macho, nikijua kabisa Al Ahly wametutesa Dar es Salaam na Cairo.

Sasa nirudi kwa hoja ngumu, ya mkate. Je, tunao uhalali wa kumtaka mchezaji wa Kiafrika abaki? Maisha ya mpira ni mafupi. Nyuma ya mshahara wa kijana mmoja kuna mama, wadogo zake na ada za shule za watoto wa shangazi. Mbwana Samatta alipotoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe, angebaki kwa ajili ya kitu gani? Kwa kuondoka alikuja kuwa bingwa wa Afrika mwaka 2015, kisha bingwa wa Ubelgiji na Genk mwaka 2019. Ni fahari ya taifa. Kwa Simba ni mtoto aliyepita nyumbani akakua. Anayemwambia kijana wa Mbagala akatae ofa ili aitwe lejendi anamwomba sadaka ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuitoa.

Kwa hiyo sisemi kwamba kuondoka kunafuta. Gabriel Batistuta alishuka daraja na Fiorentina mwaka 1993, akabaki, akawapandisha tena, akawa mfungaji bora wa Serie A msimu uliofuata. Mwaka 2000 akaondoka kwenda Roma kutafuta ubingwa ambao Fiorentina wasingeweza kumpa. Novemba mwaka huo akawafunga Fiorentina bao la ushindi, na hakushangilia, alilia. Kuondoka kwake hakukufuta kitu, kwa sababu chumvi ilikuwa imeshaliwa. Hapo ndipo ninapoona kosa la mafrateri wenzangu. Wanatazama lango la kutokea, wakati hesabu imefungwa zamani kule ndani.

Tumtazame basi Chama. Mwamba wa Lusaka alikuja Simba mwaka 2018, nikiri sijaona kiungo mwenye miguu mitamu kuliko yeye katika ligi yetu. Bao la kisigino dhidi ya Nkana Desemba ile, bao la dakika za mwisho dhidi ya AS Vita Machi 2019 lililotupeleka robo fainali ya Afrika: sitayasahau hata nikiwa mzee. Lakini alikuta meza imeandaliwa. Simba walikuwa wametoka kuchukua ubingwa wa 2017/18 na fedha zilikuwepo. Mwaka 2021 akaenda RS Berkane ya Morocco, na Januari 2022 akarudi. Kurudi kule nakuhesabu kwa upande wake, kwani Yanga walikuwa wameshaanza kututoka. Kisha Simba wakamaliza wa tatu msimu wa 2023/24, nyuma ya Yanga na Azam, mkataba wake ukaisha, naye akavuka Jangwani kwa mabingwa. Ni haki yake kabisa. Wale waliomtukana mitandaoni walidhihirisha kwamba nao walimpenda kwa faida tu, hivyo hawana wa kumlaumu. Tulipeana raha, tukalipana, tukaachana. Ni fundi, ni gwiji. Lejendi wa Simba, hapana, bado.

Mkude ni habari nyingine. Huyu alipanda kutoka kikosi cha vijana cha Simba. Kuanzia baada ya ubingwa wa 2011/12 hadi 2018 Simba hawakuchukua ligi. Miaka sita! Kijana aliyeanza kushabikia Simba darasa la kwanza alimaliza shule ya msingi akiwa karibu hajaona kombe la ligi. Makocha waliingia na kutoka, wachezaji wa kigeni waliingia na kutoka, viongozi walikuwa mahakamani au kwenye vikao, na pale katikati ya uwanja, mbele ya mabeki, alikuwepo Mkude. Yanga walikuwa wanachukua makombe ng'ambo ya mtaa. Tulizomewa, naye alizomewa pamoja nasi. Hakuwa malaika, klabu iliwahi kumsimamisha kwa utovu wa nidhamu, na jambo hilo linajulikana. Lakini alikuwepo kabla ya neema na alikuwepo neema ilipokuja, mataji manne mfululizo. Mwaka 2023 akapewa bango lake la "Thank You". Yanga wakamchukua.

Chama aliondoka, Mkude aliondolewa. Mtu aliyefungiwa mlango na nyumba yake hawezi kuitwa mtoro kwa sababu amelala kwa jirani. Kama Turin walimsubiri Del Piero goti lilipoharibika, sisi tulimsubiri nani? Klabu inayotaka malejendi lazima ijiulize hivyo, kwa maana chumvi haiwezi kuliwa na upande mmoja.

Ndugu zangu wa Yanga wasicheke, nao wana deni. Kuna mzaha wa historia ninaoupenda: Cannavaro wa Italia aliondoka Juventus kiangazi kile cha 2006, na Cannavaro wetu, Nadir Haroub, beki kutoka Zanzibar aliyebandikwa jina hilo, akaitumikia Yanga zaidi ya miaka kumi na kuwa nahodha wao. Jina la aliyeondoka limebebwa vizuri zaidi na aliyebaki. Na wapo wale wa msimu wa 2018/19, wakati fedha zilipokauka Jangwani hadi bakuli likapitishwa kwa mashabiki. Chini ya kocha Mwinyi Zahera kikosi kile, chenye mishahara ya kudaiwa, kilimaliza nafasi ya pili nyuma ya Simba yetu iliyokuwa imeshiba. Leo Yanga wamejaa mataji na watoto wanajua majina ya waliosajiliwa wiki iliyopita. Wa msimu wa bakuli, nani anawataja?

Simba wana siku yao, na Yanga wana Wiki ya Mwananchi. Uwanja unajaa, muziki unapigwa, wageni waliosajiliwa wanaingia mmoja mmoja kwa fataki. Ningeomba dakika kumi tu kabla ya fataki. Yanga wawaite wa bakuli kwa majina. Sisi tuwaite wa miaka ile sita mikavu, wote, wafungaji na waliokosa penalti, popote walipo sasa na jezi yoyote waliyoivaa baadaye. Mkude akitajwa nitasimama na kupiga makofi, na jirani yangu jukwaani akinuna, nitampigia na la kwake.